Mota ikivuma bila kuzunguka, usikimbilie kuisuka

Juma hili nilikuwa nimekwisha andika mazungumzo juu ya jambo jingine kabisa, lakini yaliyonikuta nyumbani kwangu yamenilazimu niyaweke kando. Wale mliokuwa mkiyasubiri mtanisamehe, yatakuja.

Nyumbani tuna pampu ndogo ya hospawa moja, ambayo huvuta maji kutoka tangi la chini na kuyapandisha kwenye tangi lililo juu ya mnara. Maji ya bomba mtaani kwetu huja kwa siku zake, na hayana nguvu ya kupanda yenyewe. Pampu ikigoma, nyumba nzima inarudi kwenye ndoo. Basi jioni moja mke wangu aliwasha swichi, pampu ikavuma tu, mmmmm, isizunguke. Tukaiacha. Tulidhani inajitahidi na kwamba hatimaye itaamka. Baada ya dakika kama tano tukasikia harufu ya vanishi inayoungua, ndipo tukakimbilia kuzima.

Kijana fundi aliyekuja kesho yake hakuhitaji muda mrefu. Aliinusa pampu, akafungua kifuniko, akasema, "Mzee, mota imeungua. Hii ni ya kusuka upya." Nikalipa shilingi 85,000, nikakaa siku sita bila maji, pampu ikarudi ikiwa imepakwa rangi mpya. Ilifanya kazi vizuri kwa majuma matatu. Jumapili ya nne, jioni tena, mmmmm.

Safari hii mwanangu alizima mara moja, na mimi nikaibeba pampu hadi kwa mzee mmoja anayetengeneza feni kibarazani, mtaa wa pili kutoka kwetu. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza swali moja tu: "Kapasita mlibadilisha?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hata neno lenyewe nilikuwa nalisikia kwa mbali. Mimi, ndugu wasikilizaji, nina stashahada ya uandishi wa habari; ya umeme sina. Mzee akachomoa kikopo cheupe cha plastiki kilichokuwa ubavuni mwa pampu, akakipima kwa mita yake. Juu yake kimeandikwa 20. Mita ikasoma 11. Akafunga kipya, akaniambia shilingi 7,000, na pampu ikazunguka palepale kibarazani kana kwamba haijawahi kuugua.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na yule kijana. Lakini nilipoendelea kuuliza mafundi na kusoma, niliona kuwa hasira yangu ilikuwa na haki nusu tu. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza tukielewe hicho kikopo chenyewe.

Mota ya pampu au ya feni ya mezani ina sehemu mbili kubwa. Ya nje imetulia, nayo imefungwa koili za waya wa shaba. Ya ndani ndiyo inayozunguka, na umeme wa ukutani haufiki kwake kwa waya wowote. Inavutwa na sumaku inayotengenezwa na koili za nje. Sasa, ili kitu cha ndani kizunguke, sumaku ya nje nayo haina budi kuzunguka. Hapo ndipo penye mgogoro. Umeme tunaoletewa majumbani ni wa njia moja, nao huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Sumaku inayotokana nao haizunguki. Inavuta huku, inasukuma kule, katika mstari ule ule mmoja. Mota hubaki ikitetemeka mara mia moja kwa sekunde, na huo mtetemo ndio mvumo tunaousikia.

Waliowahi kukaa karibu na fundi wa cherehani ya miguu watanielewa upesi. Kuna wakati kile kipande kinachounganisha kanyagio na gurudumu kinasimama wima kabisa. Ukikanyaga hapo, hata kwa uzito wako wote, gurudumu haliendi popote. Fundi mzoefu halikanyagi kwanza. Anaweka kiganja juu ya gurudumu dogo la juu, analisukuma kidogo kuelekea kwake, ndipo miguu inafuata. Akilisukuma upande mwingine, cherehani itarudi nyuma na kukata uzi. Cherehani ikishaanza kuzunguka, mkono hauna kazi tena, miguu inatosha.

Mota ya njia moja iko vivyo hivyo. Haina upande inaoupendelea. Ikishapata mwanzo itaendelea yenyewe, na ndiyo maana baadhi yetu tumewahi kuona pangaboi lililogoma likisukumwa kwa ufagio, likaanza kuzunguka polepole kuelekea upande ule ule liliposukumwa. Huo ufagio ni mkono wa fundi cherehani. Kapasita ni mkono huo huo, ila umefungwa ndani ya mota.

Inafanyaje? Mwaka 1888 Galileo Ferraris wa Italia, na Nikola Tesla aliyekuwa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza namna ya kuipata sumaku inayozunguka bila kuzungusha chuma chochote. Unaweka koili mbili zilizokaa pembeni ya moja na nyingine, kisha unazipa umeme usiofika kwa wakati mmoja. Moja ikifikia kilele, nyingine iko sifuri. Ya kwanza ikishuka, ya pili inapanda. Sumaku inapokezanwa, na sehemu ya ndani inaifukuza. Viwandani na kwenye mashine nyingi za kusaga kuna umeme wa njia tatu, ambao tayari unafika kwa kupokezana, kwa hiyo mota zake huanza bila msaada wa mtu. Sisi wa njia moja inatupasa tuitengeneze hiyo njia ya pili wenyewe.

Kapasita ni tabaka mbili nyembamba za madini zilizotenganishwa na karatasi ya plastiki, zikaviringishwa kama mkeka na kutiwa ndani ya kopo. Wazo lake ni la zamani, tangu chupa ya Leiden ya miaka ya 1745 na 1746, ambayo wataalamu walishangaa kuona inaweza kuuhifadhi umeme. Umeme unapojaa na kumwagika katika tabaka hizo, mkondo wake huwahi mbele ya ule wa koili ya kawaida. Ukichagua kapasita inayoifaa mota, tofauti hiyo hukaribia robo ya mzunguko mmoja wa umeme, yaani kiasi cha sehemu moja ya mia mbili ya sekunde. Kuwahi kwa kiasi hicho kunatosha kuigeuza sumaku ya kwenda na kurudi iwe ya kuzunguka.

Kipimo chake kinaitwa faradi, kwa heshima ya Michael Faraday wa Uingereza. Faradi moja ni kubwa mno kwa shughuli hizi, kwa hiyo tunatumia mikrofaradi, sehemu yake moja ya milioni. Pangaboi hutumia mikrofaradi mbili, tatu hivi. Pampu ya hospawa moja hutumia ishirini au ishirini na tano. Juu ya kopo utaona namba hiyo ikifuatwa na herufi uF au MFD.

Ziko aina mbili, na kuzichanganya ni hatari. Iko ya kuendeshea, ambayo hubaki kwenye kazi muda wote mota inapozunguka. Ndiyo hiyo ya pampu, ya mapangaboi na ya viyoyozi vingi visivyo vya inveta. Na iko ya kuwashia, ambayo ni kubwa zaidi kwa namba, kuanzia mikrofaradi sabini hivi hadi mia kadhaa, nayo hufungwa kwenye mota zinazoanza na mzigo mzito, kama kompresa za kujazia upepo. Hiyo ya kuwashia hufanya kazi kwa sekunde chache tu, na mota inapofikia kama robo tatu ya mwendo wake, swichi iliyo ndani huitoa kwenye njia ya umeme. Ikilazimishwa kubaki, hupata moto na inaweza kupasuka. Kama kompresa yako ilikuwa inatoa mlio wa "tak" muda mfupi baada ya kuwashwa, na siku hizi huusikii, mwulize fundi wako kuhusu swichi hiyo.

Si kila mota inaihitaji. Blenda na drili za umeme zina mota yenye brashi za kaboni, nazo huanza zenyewe. Ukiifungua blenda unaweza ukakuta kapasita ndogo, lakini kazi yake ni kuzuia cheche za brashi zisitukoroge sisi watu wa redio. Wanaosikiliza masafa ya kati wanaujua ule mkwaruzo jirani anaposaga juisi.

Sasa nirudi kwa yule kijana niliyemkasirikia. Mota iliyokwama huku ina umeme huvuta mkondo mara nne, tano, hata sita kuliko inapozunguka. Na joto la waya halipandi sawa na mkondo. Linapanda kwa mraba wake. Mkondo ukiwa mara tano, joto ni mara ishirini na tano, na wakati huo hata kipepeo cha kupozea kilicho nyuma ya mota kimesimama. Pampu nyingi zina kinga ya joto inayokata umeme, lakini ikishapoa inarudisha, mota inavuma tena, inakata tena, na kila mara vanishi ya waya inapungua uhai. Kwa hiyo kijana hakunidanganya. Mota yangu ilikuwa imeungua kweli. Iliunguzwa na zile dakika tano tulizosimama tukiisikiliza inavuma. Kosa lake ni kwamba aliisuka upya, kisha akairudishia kapasita ile ile iliyoifanya igome tangu mwanzo. Shilingi 85,000 za ziada nililipia kutokujua kwangu na kwake kwa pamoja.

Na kwa nini ilivumilia majuma matatu? Hapa nilipata somo ambalo sikulitegemea. Kapasita za siku hizi mara nyingi hazifi ghafla. Zikipata tobo dogo, madini yaliyo pembeni ya tobo huungua na kuliziba, kapasita inaendelea na kazi, lakini imepungua kidogo. Joto na volti kubwa humega mwaka hadi mwaka, ishirini inakuwa kumi na saba, kumi na nne, kumi na moja. Pangaboi linalozunguka kwa uvivu kuliko lilivyokuwa linaponunuliwa, huku beringi zake ni nzima, mara nyingi lina ugonjwa huu. Watu hulitia mafuta, halibadiliki.

Kisha ongeza umeme mdogo wa jioni. Nguvu ya mota ya kuanzia nayo inafuata mraba, mraba wa volti. Umeme unaotakiwa kuwa volti 230 ukishuka hadi 180, nguvu hiyo inabaki asilimia 61 tu. Asubuhi, majirani wakiwa makazini, pampu yangu yenye kapasita mgonjwa iliweza kuanza. Jioni pasi, majiko na runinga zote zikiwa zimewashwa, haikuweza. Mara zote mbili iligoma jioni, na mimi sikuwa nimeliona jambo hilo mpaka mzee wa feni aliponiuliza ni saa ngapi hasa.

Basi mota ikivuma bila kuzunguka, jambo la kwanza ni kuzima. Usiisubiri, usiijaribu mara tatu nne. Halafu, umeme ukiwa umezimwa na waya umechomolewa, zungusha shafti kwa mkono. Ikiwa ngumu au imekwama, tatizo ni beringi, au mchanga kwenye pampu, na kapasita haihusiki. Ikizunguka kwa wepesi, kabla ya kukubali neno "kusuka", mwambie fundi aipime kapasita mbele yako. Mita yenye kipimo cha kapasita si kitu cha ajabu tena, na fundi asiyekuwa nayo anaweza kufunga kapasita nyingine nzima ya kujaribia. Vyuo vyetu vya ufundi vinawafundisha vijana jambo hili. Ugumu ni kwamba wengi wa mafundi wetu wa mitaani walijifunzia kwa fundi mwenzao, wanajua kusuka kwa ustadi mkubwa, na mwenye nyundo, wahenga wa gereji husema, kila kitu kwake ni msumari.

Unaponunua nyingine, nenda na ile ya zamani mkononi. Namba ya mikrofaradi iwe ile ile. Wapo wanaodhani kubwa zaidi ni nguvu zaidi. Inaipa koili ya pili mkondo kupita kiasi na kuichemsha. Namba ya volti isipungue. Wengi hushangaa kuona kapasita imeandikwa 400 au 450 wakati umeme wetu ni 230, wakadhani inayoandikwa 250 itafaa na ni rahisi kidogo. Ukweli ni kwamba koili na kapasita zikifanya kazi pamoja, volti zilizopo kwenye kapasita hupanda juu ya zile za ukutani. Ya 250 haitadumu. Na kama duka lina mita, ipimishe kabla hujalipa. Juma hili hili nimeona mpya iliyoandikwa 16 ikasoma 9, na muuzaji mwenyewe akabaki ameduwaa.

Jambo moja sitaki mtu alipuuze. Kapasita huweka umeme. Koili ikiwa imekatika ndani, au swichi ya ndani imeitenga kapasita ya kuwashia, unaweza kuchomoa waya ukutani na bado kukuta kwenye vichwa vyake zaidi ya volti 300 zinakusubiri. Mafundi wengi huigusisha vichwa na bisibisi, cheche inalia, wanacheka. Cheche hiyo huweza kuiharibu kapasita, na huweza kumrukia mtu machoni. Mzee wangu wa feni anatumia glopu ya zamani ya waya, iliyofungwa kwenye holda yenye nyaya mbili. Anagusisha nyaya hizo kwenye vichwa kwa sekunde kadhaa, umeme unaishia kwenye glopu. Watoto wasiachiwe kapasita kuchezea, hata iliyotupwa.

Na zile za zamani zenye mafuta, hasa zilizotengenezwa kabla ya Marekani kupiga marufuku utengenezaji wa mafuta ya PCB mwaka 1979, zisifunguliwe kabisa. Mafuta hayo ni sumu inayokaa mwilini na ardhini kwa miaka mingi, na yamo katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania imeuridhia. Bado zinaonekana kwenye mashine za mitumba, na wapo wanaozichoma moto ili wapate bati lake.

Wenye viwanda watanilaumu kwamba sikugusa kazi nyingine ya kapasita, ile ya makabati makubwa yanayofungwa karibu na mota za njia tatu ili kupunguza mkondo unaokwenda na kurudi bure kwenye nyaya. Ni kazi ya maana, kwa mteja anayelipia kVA hasa. Mota zinazotumia kilowati 7 kwa kipeo cha 0.7 huvuta kVA 10. Kipeo kikipandishwa hadi 0.95, kVA inashuka hadi 7.4 hivi, na kazi ni ile ile. Lakini hiyo ina wahandisi wake. Mimi leo nilikuwa na watu wa pampu moja na pangaboi moja.

Nasema hivyo kwa sababu ya jirani yangu mmoja, mama anayeuza maji ya kisima kwa ndoo. Nilipomsimulia habari ya kapasita alikaa kimya, kisha akasema pampu yake iliyomsomeshea watoto wawili ilianza kuvuma mwaka jana. Aliambiwa imeungua, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kuisuka, aliiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, akakopa ya kununulia nyingine. Deni hilo analilipa hadi leo. Nilimwuliza kama ilikuwa ikitoa harufu. Akasema hapana, alikuwa anaizima upesi, anaogopa shoti. Nikamwuliza kama yule mnunuzi aliifungua. Akasema aliipasua palepale uani kwake kutoa shaba, na shaba ilikuwa safi, haina weusi wowote.

Kikopo cheupe alikitupa jalalani.